Ulisikia Vishindo Vingapi? Jinsi Abiria Anavyodai Fidia Magari Mengi Yakigongana Kenya

Wakili anayezijua kesi za ajali akikuuliza swali hilo kabla hajakuuliza unaumwa wapi, usimwone hana utu. Matatu uliyoabiri ikigongwa kwa nyuma na kusukumwa hadi kwenye gari la mbele, mwili wako kwanza hubanwa kitini, ndipo ukarushwa mbele. Dereva wako akiwa ndiye aliyeliparamia la mbele, kisha naye akagongwa kwa nyuma, mambo hugeuka: kwanza unarushwa mbele, halafu ndipo unabanwa kitini. Vishindo ni viwili kote kuwili, lakini mpangilio wake unaweza kuamua ni bima ya nani itakayolipa. Baada ya miezi sita utakuwa umesahau. Kwa hiyo yaandike siku hiyohiyo, au mwambie aliyekuja kukutazama wodini akuandikie.

Nimefanya ukarani katika ofisi ya wakili mjini Nakuru. Barabara inayopita hapo kutoka Nairobi kwenda Eldoret haihitaji kuelezwa. Karai, karibu na Naivasha, usiku wa Disemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali ya kuwaka liliyagonga magari mengine na moto ukaua watu wapatao 40. Makutano ya Londiani, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho, Juni 30, 2023, trela liliwafagia matatu, wachuuzi na wapita njia, wakafa zaidi ya watu 50. Salgaa na Sachangwan kila msafiri anazijua kwa ajali zake. Katika ajali za namna hii majeruhi hujiumiza kichwa akitafuta nani mkosa, na hilo si jukumu lake. Kwa abiria, kazi ni moja: kuhakikisha hakuna gari hata moja kati ya yaliyogongana linalobaki nje ya karatasi zake.

Hatua ya 1: Nambari za magari yote

Kama unaweza kushika simu, piga picha za nambari za usajili kabla breakdown haijafika kuyavuta magari. Trela lina nambari mbili: kichwa kina yake, na tela la nyuma lina yake inayoanza na herufi Z. Chukua zote mbili, maana mwenye kichwa na mwenye tela wanaweza kuwa watu tofauti. Piga picha ya barabara pia: alama za matairi, vioo vilipomwagika, gari lipi limetazama wapi. Kama umelala huna fahamu, kazi hii ni ya ndugu yako, na aifanye kituoni yalikovutwa magari hayo.

Barabara hii hubeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo, kwa hiyo lori la kigeni kuwamo katika ajali si ajabu. Watu wengi hukata tamaa hapo, wakidhani mwenye gari yuko Kigali na fidia imekwenda naye. Magari hayo huingia Kenya kwa bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo humlipa mtu wa tatu, yaani mtu mwingine asiye mwenye bima, aliyeumia kwa mujibu wa sheria za nchi ajali ilikotokea. Ofisi inayosimamia mpango huo hapa Kenya ni Kenya Re. Omba polisi wainukuu nambari ya kadi hiyo kabla lori halijaachiliwa liendelee na safari, kwa sababu likishavuka mpaka wa Malaba ni kazi nyingine.

Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame na aripoti ajali haraka iwezekanavyo, isipite saa 24. Wewe abiria hakikisha kwamba jina lako limeingizwa katika kitabu cha matukio, na uchukue nambari ya OB. Katika ajali yenye majeruhi thelathini majina huachwa. Nimeona mtu aliyevunjika mguu akibishiwa kwamba hakuwamo ndani ya gari lile.

Hatua ya 2: Karatasi ya kwanza ya hospitali

Hii ndiyo karatasi ninayoithamini kuliko zote, ingawa mara nyingi ni kipande kilichokunjwa chenye mwandiko usiosomeka. Inaonyesha tarehe, saa, na kwamba uliletwa kutoka ajalini. Mawakili wa bima huitafuta kwanza. Ukienda nyumbani kwa sababu "ni michubuko tu", halafu mgongo ukaanza kukuuma baada ya wiki mbili, utaulizwa mgongo huo uliuumizia wapi. Nenda ukaangaliwe siku ileile hata kama unatembea, na utaje kila mahali panapouma, siyo pale panapotoka damu peke yake.

Weka kila risiti: dawa, picha ya eksirei, magongo, nauli ya kwenda kliniki. Gharama ulizokwisha kutumia hulipwa kwa risiti, na korti huitaka kila shilingi iwe imetajwa katika madai na kuthibitishwa. Maumivu yako hakimu ataweza kuyakadiria. Nauli yako hatakukadiria.

Polisi watakupa fomu ya P3, ile ya kuandikia majeraha, daktari ataijaza, nawe utairudisha kituoni. Toa nakala kabla hujairudisha. Baadaye wakili wako atakutuma kwa daktari mwingine wa kuandika ripoti ya kisheria kuhusu ulemavu na matibabu ya mbeleni. Bima nayo itataka kukupeleka kwa daktari wake. Nenda, jibu unaloulizwa, na usiongeze chumvi. Ripoti mbili zikikaribiana, kesi huisha upesi.

Hatua ya 3: Abstrakti, isome kabla hujaondoka kaunta

Abstrakti ya polisi ndiyo muhtasari wa ajali: magari yapi, madereva na wenye magari ni akina nani, kampuni za bima na nambari za hati za bima, majeruhi ni nani, na uchunguzi umefikia wapi. Ajali ya magari manne ikitolewa abstrakti yenye magari mawili, usiipokee. Linganisha herufi kwa herufi na picha zako. KCB na KCD ni kosa dogo la kalamu, lakini linaweza kukupotezea mwaka mzima.

Usishtuke ukiona imeandikwa kwamba uchunguzi unaendelea. Muulize afisa anayechunguza kama kuna dereva atakayeshtakiwa, na katika mahakama gani. Fuatilia kesi hiyo ya trafiki hata kama hukuitwa kuwa shahidi. Chini ya kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, dereva akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hawezi kuja katika kesi yako ya fidia kudai hakufanya kosa lile. Anachoweza ni kujitetea kwamba wengine walichangia.

Abstrakti peke yake huleta ubishi juu ya nani hasa mwenye gari. Lipia hati ya rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, kwa kila nambari uliyo nayo. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Matatu nyingi zimeuzwa bila kubadilishwa jina, kwa hiyo usishangae mtu akija kortini akidai aliliuza gari lile zamani. Ndiyo sababu huandikwa wote: aliyesajiliwa, anayelimiliki kwa sasa kama anajulikana, na dereva.

Hatua ya 4: Ulikuwa umepanda nini?

Hapa ndipo wengi hupotea, na ndipo ningetaka ukae kidogo.

Bima ya lazima nchini Kenya iko chini ya Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Watu wa Tatu, Sura ya 405. Humlinda anayegongwa. Lakini mtu aliyebebwa ndani ya gari lenyewe hulindwa na bima hiyo ya lazima katika hali mbili tu: gari liwe ni la kubeba abiria wa kulipa, au awe amebebwa kwa sababu ya kazi yake. Yaani abiria wa matatu analindwa. Aliyepewa lifti na jirani katika gari la nyumbani, au aliyepanda juu ya magunia ya viazi kwenye lori, huenda bima ya gari hilo isimlipe hata senti, isipokuwa mwenye gari alinunua kinga ya ziada. Ana haki ya kumshtaki mwenye gari, ndiyo, lakini atakuwa anamdai mtu wala si kampuni, na mtu mwenye Probox moja iliyopondeka ana nini cha kulipa?

Sasa rudi kwenye mkururo wa magari. Trela lililoigonga hiyo Probox kwa nyuma lina bima yake, na kwa bima ya trela wewe wa lifti ni mtu wa tatu kamili. Kwa hiyo aliyepewa lifti ndiye anayepaswa kuzikimbilia nambari za magari mengine kuliko mtu yeyote. Akimshtaki jirani yake peke yake, anaweza kushinda kesi na asile chochote.

Utingo, makanga au dereva aliyeumia kazini ana mlango mwingine: Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo wengi huiita WIBA. Huko haulizwi nani mzembe. Madai hayo humwendea mwajiri na Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na yasikae zaidi ya miezi 12. Hakuna kinachomzuia pia kumdai mwenye gari la upande wa pili lililomgonga.

Hatua ya 5: Kalenda

Madai ya kuumia kwa uzembe yana miaka mitatu tangu siku ya ajali. Madai ya kifo chini ya Sheria ya Ajali Mbaya, Sura ya 32, ni miaka mitatu tangu siku ya kifo. Ila likiwamo gari la serikali lenye nambari za GK, muda ni miezi 12 tu. Ukitaka kuidai KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa sababu ya shimo au kona isiyo na alama, notisi ya mwezi mmoja hutangulia na mwaka mmoja ndio mwisho. Mtoto huanza kuhesabiwa miaka akitimiza 18, ingawa sioni sababu ya kungoja. Mzazi anaweza kumfungulia kesi kwa niaba yake.

Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa. Kuna karani wa bima atakayekupigia simu kwa upole kila mwezi, akikuomba karatasi moja zaidi, mpaka mwezi wa thelathini na saba. Hapo simu hukoma. Korti inaweza kuongeza muda kwa mtu ambaye hakujua, wala hangeweza kujua, mambo ya msingi ya madai yake, lakini "tulikuwa tunaongea na bima" si sababu mojawapo.

Saa nyingine ndogo ni notisi ya kampuni za bima. Chini ya kifungu cha 10 cha Sura ya 405, bima halazimiki kulipa hukumu kama hakuarifiwa juu ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Itume mapema, kwa kila kampuni iliyotajwa kwenye abstrakti, na uhifadhi nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Karatasi moja, muhuri mmoja. Nimeona hukumu nzuri ikikwama kwa sababu ya muhuri huo.

Hatua ya 6: Washtaki wote

Kanuni za Mashauri ya Madai, Amri ya 1, kanuni ya 7, zinamruhusu mdai asiye na hakika ni nani wa kumdai kuwaunganisha wadaiwa wawili au zaidi. Itumie. Ukimshtaki mwenye matatu peke yake, wakili wake atamleta mwenye trela kama mhusika wa tatu. Hakimu akiona trela ndilo lenye kosa lote, kesi yako dhidi ya matatu itatupwa, na kwa kuwa hukumshtaki mwenye trela, hukumu ya kumdai unaweza kuikosa. Pengine miaka mitatu nayo imeshapita.

Utetezi utakaousikia unatabirika. Wa kwanza: "breki zilikatika." Mwenye gari anayesema hivyo ndiye anayepaswa kueleza alivyokuwa akilitunza gari lake, na ripoti ya mkaguzi wa magari husema mengi hapo. Wa pili: "aliye mbele yangu alisimama ghafla." Dereva anatakiwa kuacha nafasi ya kutosha kusimama, kwa hiyo anayegonga kwa nyuma ndiye huanza na mzigo mzito. Wa tatu ni kila dereva kumnyoshea mwenzake kidole bila ushahidi. Mahakama ya Rufani katika Hussein Omar Farah dhidi ya Lento Agencies, 2006, ilisema kwamba pasipo ushahidi thabiti wa kuonyesha ni yupi kati ya madereva wawili alikosea, wote wawili walaumiwe sawasawa. Kwa abiria hiyo ni habari njema: hata wakinyamaza wote, kuna wa kulipa.

Tuseme hakimu ameligawa kosa, trela asilimia 70 na matatu 30, na fidia yako ni shilingi 2,000,000. Katika hati ya madai hakikisha umeomba wadaiwa wawajibike kwa pamoja na kila mmoja peke yake, na amri ya korti iseme hivyo. Ikisema, unaweza kuzidai zote milioni mbili kwa yule mwenye bima inayolipa, naye akamtafute mwenzake kwa ile sehemu ya ziada. Isiposema, unaweza kujikuta unakimbizana na bima mbili, moja ikiwa hoi.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaioni. Bima ya lazima ina dari ya shilingi 3,000,000 kwa madai ya mtu mmoja, na kinachozidi hapo humrudia mwenye gari mwenyewe. Kila hati ya bima ina dari yake. Aliyekatika uti wa mgongo, ambaye fidia yake inaweza kuvuka hapo mbali, ana kila sababu ya kutaka bima ya pili iwe mezani.

Wewe mwenyewe unaweza kupunguziwa ukionekana ulichangia kuumia kwako: hukufunga mkanda uliokuwapo, au ulikuwa unaning'inia mlangoni. Sema ukweli kuhusu mkanda.

Hatua ya 7: Fidia huhesabiwaje

Kuna gharama za risiti, ambazo tumeshazisema. Kuna fidia ya maumivu na kupungukiwa na raha za maisha, ambayo hakimu huipima kwa kutazama hukumu za majeraha yanayofanana. Kuna matibabu ya mbeleni, kwa mfano kutoa chuma kilichowekwa pajani. Hili lisipotajwa katika hati ya madai husahaulika. Kisha kuna mapato uliyopoteza. Mama mboga asiye na hati ya mshahara asidhani hana la kudai: katika Jacob Ayiga Maruja dhidi ya Simeone Obayo, 2005, Mahakama ya Rufani ilikataa wazo kwamba kipato huthibitishwa kwa karatasi pekee. Taarifa za M-Pesa, daftari la mauzo, jirani wa kibanda, vyote ni ushahidi.

Kwa marehemu, hesabu huwa hivi. Chukua fundi wa umri wa miaka 35 aliyekuwa akipata 30,000 kwa mwezi na kuacha mke na watoto. Hakimu akikubali miaka 20 ya kazi iliyobaki na theluthi mbili za kipato kwenda kwa familia, ni 30,000 × 12 × 20 × 2/3, yaani 4,800,000. Miaka hiyo ndiyo inayobishaniwa zaidi. Juu yake huja kiasi cha kupoteza matarajio ya maisha, ambacho kwa desturi ni kama 100,000, na gharama za mazishi. Wanaodai utegemezi ni mke au mume, watoto na wazazi; ndugu wa tumbo moja hawamo, hata kama marehemu ndiye aliyewasomesha. Kabla ya kufungua kesi kwa niaba ya mirathi, familia ipate kibali cha mahakama cha kusimamia shauri hilo. Wakiwa na ugomvi wa nani atashika kibali, waumalize mapema, maana miaka mitatu haingoji matanga.

Hatua ya 8: Korti gani, wakili gani

Madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 yanaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, ambako unaruhusiwa kujisimamia na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Yanayozidi huenda kwa mahakimu kulingana na ngazi zao. Hakimu Mkuu hufika hadi milioni 20. Kwa ajali ya magari mawili na mkono uliovunjika, madai madogo yanatosha. Kwa magari matano na wadaiwa tisa, tafuta wakili.

Ila mtafute wewe, asikutafute yeye. Kijana anayepita wodini na karatasi za kutiwa sahihi, akikuahidi pesa ndani ya mwezi, ni broka. Usitie sahihi ukiwa na dripu mkononi. Mkataba wa "nikishinda ndipo unilipe" haukubaliki chini ya Sheria ya Mawakili, ingawa mitaani unajulikana. Afadhali mwandikiane ada mapema, na uulize pesa za fidia zitapita akaunti gani.

Bima ikileta pendekezo la kumaliza nje ya korti, soma hati ya kuachilia madai neno kwa neno. Ukikubali laki mbili "kwa madai yote", umeyafunga yote, pamoja na ule upasuaji wa mwaka ujao. Na angalia inamwachilia nani: mwenye matatu peke yake, au na wengine wote. Katika ajali ya magari mengi, mstari huo mmoja una thamani kuliko tarakimu iliyoandikwa juu yake.

Hatua ya 9: Hukumu si hundi

Bima isipolipa baada ya hukumu, hufunguliwa kesi ya pili dhidi yake yenyewe, kuomba mahakama itamke kwamba inawajibika. Hapo ndipo ile notisi yenye muhuri hutolewa kwenye faili. Ikiwa kampuni imeanguka, kama zilivyokwama United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ambao kiwango chake cha juu kimekuwa shilingi 250,000. Kwa aliyeshinda milioni mbili hicho ni kidogo sana, na hapo ndipo utakapofungua tena ile orodha ya nambari uliyoiandika siku ya ajali, kutazama ni gari gani lingine lililo na bima iliyo hai, na ambalo mwenyewe ametajwa kwenye hukumu.